SOMO LA ROBO HII: Kompyuta ya Nyumbani Inapochelewa Kuwaka – Tutafute Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Katika toleo hili tumechagua somo ambalo kwa juu linaonekana dogo, lakini ndani yake kuna fedha, muda na kumbukumbu za watu. Somo lenyewe ni kompyuta inayochukua dakika kumi au zaidi kabla haijaanza kufanya kazi.

Vijijini, kompyuta ya usharika mara nyingi haikai ofisini. Chukueni mfano wa Fukayosi, katika barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Ofisi ya mtaa inaweza kuwa chumba kimoja kisicho na dirisha la chuma wala umeme wa uhakika, hivyo mhazini au katibu huitunza kompyuta nyumbani kwake. Hapo hapo nyumbani watoto huangalia filamu, kijana wa sekondari huchapa kazi zake, na jirani huleta flashi aprinti barua. Baada ya miaka miwili au mitatu kompyuta inakuwa nzito, na katika kikao mjumbe mmoja anasema, "Hii imezeeka, tuombe nyingine." Ombi linaandikwa na mhisani anaombwa fedha.

Lengo la somo hili ni kusaidia kamati kujiuliza kabla ya kuandika ombi hilo: imezeeka kweli, au ina tatizo linalotibika? Na je, uzito huo si dalili kwamba diski iko karibu kufa na hesabu zote zilizomo ziko hatarini? Haya ni maswali mawili tofauti, na la pili ni la haraka zaidi.

Hasara ya kusubiri

Tufanye hesabu. Kompyuta ikichukua dakika 11 kuwa tayari, na mhazini akaiwasha mara moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 50 za mwaka, jumla ni dakika 2,750. Hizo ni karibu saa 46, yaani siku sita hivi za kazi za saa nane kila siku. Na hapo hatujahesabu umeme kukatika. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au kompyuta mpakato yenye betri iliyokufa, huzimika umeme ukikatika na kuanza upya. Umeme ukikatika mara mbili asubuhi moja, asubuhi yenyewe imekwisha.

Hasara nyingine haionekani kwenye saa. Mtu anayechoshwa na kusubiri huacha kuiwasha. Anaandika mapato kwenye daftari akisema ataingiza baadaye, na mwisho wa robo mwaka anaingiza miezi mitatu kwa usiku mmoja. Makosa ya hesabu huzaliwa hapo. Mhisani anayesubiri taarifa huona ucheleweshaji tu, hajui kwamba chanzo ni mashine.

Kompyuta hufanya nini inapowaka

Kutafuta tatizo bila kujua hatua za kuwaka ni kama kutafuta uvujaji wa bomba bila kujua linapita wapi. Hatua ziko nne.

Hatua ya kwanza ni kuanzia kubonyeza kitufe hadi nembo ya kampuni iliyotengeneza kompyuta ipotee. Hapa mashine inajikagua yenyewe: kibodi ipo, kumbukumbu ipo, diski ipo. Windows bado haijaguswa.

Hatua ya pili ni kuanzia hapo hadi uone mahali pa kuandika nywila. Mfumo endeshi unasomwa kutoka kwenye diski na kupakiwa kwenye kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM.

Hatua ya tatu ni kuanzia kuingiza nywila hadi kipanya kitii bila kukwama. Hapa huamka programu zote zilizojipanga kuanza zenyewe: ya kuzuia virusi, ya printa, ya kuzungumza na watu kwa video, na nyingine ambazo hakuna anayekumbuka ziliwekwa lini.

Hatua ya nne ni kufungua programu unayoihitaji, kwa mfano ya jedwali la hesabu, hadi uweze kuandika tarakimu ya kwanza.

Kila hatua ina washukiwa wake. Ukijua muda unapotelea wapi, umeshapunguza kazi kwa zaidi ya nusu.

Kabla ya yote: nakili kumbukumbu

Msiguse kitu chochote kabla ya kunakili mafaili ya usharika. Nakilini hesabu, orodha ya washarika, kumbukumbu za ubatizo na ndoa, majina ya watoto wa chekechea, barua na picha za miradi. Kanuni inayofuatwa na watunza kumbukumbu wengi ni hii: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Kwa hali yetu inaweza kuwa nakala iliyo ndani ya kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye flashi inayotunzwa katika ofisi ya usharika au kwa mjumbe mwingine. Baada ya kunakili, fungueni mafaili mawili au matatu kutoka kwenye nakala mhakikishe yanafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si ya kutegemewa.

Diski ngumu inayoelekea kufa huwa na dalili. Inatoa mlio wa kugonga-gonga. Faili lililofunguka jana leo linakataa. Leo kompyuta inawaka kwa dakika tano, kesho kwa ishirini, bila sababu. Kila asubuhi inasema inakagua diski. Mkiona dalili hizi, acheni kila kitu isipokuwa kunakili. Msianze kuipanga upya diski wala kuendesha ukaguzi mrefu, kwa sababu kazi hizo huilazimisha diski dhaifu kusoma na kuandika kwa saa nyingi, na inaweza kufia hapo hapo.

Pimeni, andikeni

Chukueni simu yenye saa ya kupimia na daftari. Washeni kompyuta kama kawaida, kisha andikeni muda wa kila hatua kati ya zile nne. Rudieni kwa siku tatu, maana siku moja inaweza kudanganya. Huu ni mfano wa kuonyesha namna ya kuandika:

Hatua ya 1: sekunde 20
Hatua ya 2: dakika 2 na sekunde 40
Hatua ya 3: dakika 6
Hatua ya 4: dakika 2
Jumla: dakika 11

Mwenye daftari hili haangaiki. Anaona wazi kwamba zaidi ya nusu ya muda unaishia hatua ya tatu, na ataanzia hapo.

Kuna jambo moja la kuzingatia katika upimaji. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zimewekewa utaratibu wa kuwaka haraka. Ukiizima kwa njia ya kawaida, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho isianze na ukurasa mtupu. Lakini ukichagua kuwasha upya, mfumo wote hufungwa na kuanza mwanzo. Ndiyo maana mtu anaweza kuzima na kuwasha kila siku kwa mwezi mzima, na hitilafu ndogo ikaendelea kuwepo, kumbe kuwasha upya mara moja kungeiondoa. Basi pimeni kwa njia zote mbili, na kila wiki ichagulieni kompyuta kuwasha upya angalau mara moja.

Kanuni ya mwisho ya upimaji: badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha mpime tena. Mkibadili vitano kwa pamoja hamtajua kipi kilisaidia, na ikiharibika hamtajua kipi kiliharibu.

Muda ukipotelea hatua ya kwanza

Angalieni kwanza vitu vilivyochomekwa. Flashi iliyosahauliwa, diski ya nje au simu inayochajiwa huweza kuifanya kompyuta itafute mfumo endeshi mahali usipokuwepo. Chomoeni vyote, bakizeni kibodi na kipanya.

Halafu tazameni tarehe. Kompyuta ikirudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila umeme unapokatika, au ikisimama na kukuomba ubonyeze F1, mshukiwa ni ile betri ndogo bapa kama sarafu iliyo ndani, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3. Ni kifaa cha bei ndogo na fundi hukibadili kwa dakika chache kwenye kompyuta ya mezani. Tarehe isiyo sahihi ina madhara mengine pia: tovuti za benki na barua pepe hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana kama vimepitwa au havijaanza.

Muda ukipotelea hatua ya pili

Hapa mshukiwa mkuu ni diski. Diski ngumu ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaosogea kusoma. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Kila kipande cha taarifa kinapohitajika, mkono husogea na kungoja sahani ifike. Kwa mwendo huo diski haiwezi kuchukua vipande vingi vilivyotawanyika. Kwa kawaida havifiki 100 kwa sekunde. Kuwaka kwa Windows kunahitaji maelfu ya vipande vidogo. Hesabu mnaweza kuimalizia wenyewe.

Diski mpya za aina ya SSD hazina kinachozunguka wala kusogea. Husoma kutoka kwenye chipu na huweza kuchukua maelfu mengi ya vipande kwa sekunde. Ndiyo maana kompyuta ile ile, yenye prosesa ile ile, ikiwekewa SSD huonekana kama imezaliwa upya. Kama kamati ina fedha ya kununua kifaa kimoja tu, mara nyingi hiki ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote.

Kabla ya kununua, tazameni nafasi iliyobaki. Diski iliyojaa hadi ukingoni hukwama, kwa sababu mfumo unahitaji nafasi ya kuandika mafaili yake ya muda. Acheni angalau asilimia 15 wazi. Filamu na nyimbo za familia ndizo za kwanza kuhamishiwa kwenye diski ya nje. Msifute mafaili ya mfumo msiyoyajua. Tumieni kifaa cha usafishaji cha Windows chenyewe.

Kama diski ni ya kuzunguka na ni nzima, kuipanga upya ili vipande vya faili moja vikae pamoja huweza kusaidia. Kwa SSD msifanye hivyo: hakuna faida, na kuandika kusiko na sababu hupunguza umri wake.

Muda ukipotelea hatua ya tatu

Bonyezeni kwa pamoja Control, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Katika Windows 8 na zinazofuata kuna ukurasa ulioandikwa Startup, wenye orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe na makadirio ya uzito wa kila moja. Chagueni msizozihitaji asubuhi na mzizuie kuanza. Kuzizuia si kuzifuta: programu itabaki, na mtaifungua mkiihitaji. Programu ya mazungumzo ya video, ya kusasisha kicheza muziki, ya printa iliyokwisha kuuzwa, zote zinaweza kulala. Msizime programu ya kuzuia virusi, wala ya padi ya kipanya au sauti kama hamna uhakika. Jina msilolitambua lisizimwe kwa kubahatisha. Liandikeni kwanza kwenye daftari na mmuulize fundi.

Angalieni kama kuna programu mbili za kuzuia virusi. Hili hutokea sana, kwa sababu kila fundi huweka anayoipenda yeye. Mbili kwa pamoja hukagua kila faili mara mbili na hata kutiliana shaka. Bakizeni moja. Windows 10 na 11 zinakuja na ya kwao ambayo inatosha kwa matumizi ya kawaida ikisasishwa.

Mshukiwa mwingine ni masasisho. Kompyuta inayowashwa mara moja kwa wiki hukutana na kazi zote za wiki nzima kwa wakati mmoja: kupakua, kukagua na kusakinisha. Mwenye kompyuta anaona ni nzito kila anapoiwasha, kumbe ni nzito kwa sababu haiwashwi. Dawa ni kuchagua siku moja, tuseme Jumamosi, kuiunganisha na intaneti na kuiacha saa moja au mbili imalize kazi zake. Siku nyingine, kama mnatumia bando la simu, iambieni kwenye mipangilio kwamba intaneti hiyo ni ya kulipia kwa kipimo, nayo itapunguza kupakua mambo makubwa.

Virusi nao wasisahaulike. Kwetu husafiri kwa flashi zaidi kuliko kwa barua pepe. Dalili moja inayofahamika ni mafaili ya kwenye flashi kugeuka kuwa njia za mkato huku yale halisi yakifichwa. Njia nyingine kubwa ni programu za wizi, hasa zile za kufungulia programu za ofisi bila kulipia. Kifungulio hicho huomba programu ya kuzuia virusi izimwe kwanza, na baada ya hapo hakuna ajuaye kimeingiza nini. Hakuna haja ya kufika huko. Ipo LibreOffice, inayopatikana bure na kihalali, na inafungua majedwali na barua za kawaida. Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. LibreOffice ilitokana na ukoo huo huo wa OpenOffice mwaka 2010.

Muda ukipotelea hatua ya nne

Hapa tazameni kumbukumbu ya kazi. RAM ni kama meza, diski ni kama kabati. Meza ikiwa ndogo, kila unapotaka karatasi mpya lazima urudishe nyingine kabatini. Windows 10 ya biti 64 inadai angalau GB 2 ili isimame tu. Windows 11 inadai GB 4. Kwa kazi za hesabu, barua na intaneti kwa pamoja, GB 8 huleta utulivu. Katika Task Manager kuna ukurasa unaoonyesha kumbukumbu iliyotumika. Ikiwa imepita asilimia 85 kabla hamjafungua chochote, meza ni ndogo.

Kabla ya kununua RAM fahamuni aina. DDR3 haiingii penye DDR4, na ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye mpakato. Baadhi ya kompyuta mpakato nyembamba zimebandikiwa RAM moja kwa moja kwenye bodi, hazikubali kuongezwa. Andikeni jina na namba ya toleo la kompyuta kabla ya kwenda dukani.

Kuna pia faili lenyewe. Jedwali la hesabu lenye picha nyingi, au lenye kurasa za miaka kumi, litachelewa hata kwenye kompyuta mpya. Kila mwaka uwe na faili lake.

Pwani yetu: joto, vumbi na umeme

Ukanda wa Bagamoyo una joto na unyevu, na penye barabara ya vumbi feni ya kompyuta huvuta vumbi hilo ndani. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue. Dalili yake ni kompyuta kuanza vizuri asubuhi na kuwa nzito mchana, feni ikilia. Isafisheni angalau mara moja kwa mwaka, ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya kitanda au kitambaa kinachoziba matundu ya hewa.

Umeme unaokatika ghafla wakati diski inaandika huharibu mafaili. UPS ndogo kwa kompyuta ya mezani, au betri nzima kwa mpakato, hulinda zaidi ya mwendo: hulinda kumbukumbu. Kwa anayeiwasha na kuizima mara kadhaa kwa siku, kuna njia ya kuilaza fofofo, ambapo kazi zilizofunguliwa huandikwa kwenye diski na kompyuta huzimika kabisa. Hata umeme ukikatika, ikirudi utaendelea pale ulipoachia. Njia hii inahitaji nafasi ya kutosha kwenye diski.

Kuwaka haraka na kuwa salama ni mambo mawili

Kamati zisije zikatumia fedha kuharakisha mfumo uliokwisha muda wake. Windows XP iliacha kupata masasisho ya usalama Aprili 8, 2014. Windows 7 ilifuata Januari 14, 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi.

Maana yake si kwamba kompyuta hizo zitupwe. Ikiwa mashine ni nzima lakini haikubali Windows 11, inaweza kuwekewa mfumo wa Linux ulio mwepesi, kama Linux Mint toleo la Xfce au Lubuntu. Ni bure, unasasishwa, na unafanya kazi kwenye kompyuta ya GB 4. Jambo la kufikiria ni mtumiaji: mhazini apewe siku za kujifunza, na printa ijaribiwe kwanza. Mifumo hii inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, hivyo mnaweza kuonja kabla ya kuamua.

Mkienda kwa fundi

Mafundi wetu wengi ni hodari, lakini njia yao ya mkato ni kupiga Windows upya. Kweli kompyuta itakuwa nyepesi, ila kila kilichokuwemo kinaweza kufutwa, na kama chanzo kilikuwa diski mbovu, uzito utarudi baada ya wiki chache. Nendeni na daftari la vipimo. Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

– Shikamoo mama, tupige Windows?
– Marahaba fundi. Hapana, kwanza angalia afya ya diski unionyeshe. Hatua ya pili inachukua dakika nne.
– Sawa mama. Ikiwa mbovu je?
– Tutaweka SSD, na diski ya zamani utanirudishia mkononi.

Hilo la kurudishiwa diski ni la lazima. Ndani yake mna majina, namba za simu na hali za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Diski ya usharika iliyoachwa kwenye boksi la vipuri dukani haijalindwa.

Neno kwa wahisani

Tunashukuru kwa kompyuta mnazotuma. Tunaomba mzingatie mambo manne. Kwanza, kompyuta iwe na SSD, au itumwe pamoja na fedha ya kuinunua hapa. Pili, iwe na RAM ya GB 8. Tatu, iwe na mfumo endeshi ambao bado unasasishwa. Nne, ije na chaja yake na betri inayoshika chaji. Kompyuta mbili za namna hiyo zinasaidia zaidi ya kumi zinazochukua robo saa kuwaka. Na kamati ikiwaletea ombi la kompyuta mpya, mna haki ya kuuliza: mmepima, na daftari linasema nini?

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta ya usharika au mtaa wetu inatunzwa na nani, na nani mwingine anaitumia? Je, mhazini ana akaunti yake yenye nywila?
2. Nakala ya mwisho ya hesabu zetu ilichukuliwa lini, na iko wapi leo?
3. Tukipima hatua nne za kuwaka, muda mwingi unapotelea wapi?
4. Kwa fedha tuliyo nayo, kipi kinatangulia: UPS, SSD, RAM au kompyuta nyingine? Tutoe sababu.
5. Nani atakuwa na jukumu la kuiacha kompyuta isasishwe kila wiki na kuisafisha vumbi kila mwaka?

Kazi ya kufanya kabla ya kikao kijacho: mjumbe mmoja achukue vipimo vya siku tatu na kuviandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ukurasa huo uambatanishwe kwenye muhtasari wa kikao. Kamati itakapofikia kuamua kama itatengeneza au itanunua, itakuwa na kitu cha kusoma mbele yake.



Mratibu wa Miradi